Mgombea wa Tisa

Jaro, Iloilo
7 Juni 2003

Inday Isaura, mdogo wangu,

Kaseti zimefika, zote sita. Kitabu cha yule mjane wa Negros nimekisikiliza mara mbili. Umesoma vizuri, ila kwenye kaseti ya nne ulikunywa maji katikati ya sentensi ukadhani sitakusikia. Ulisema ukurasa wa 88 umepotea, na nakushukuru kwa kusema. Wasomaji wengine wa Chama chetu cha kuwasomea wasioona, ukurasa ukichanika wanauruka kimyakimya, sisi huku tunabaki kuulizana yule mtoto alikufa lini. Wewe unasimama na kusema kwa sauti ileile, "Hapa pana ukurasa uliopotea," kisha unaendelea. Si ndivyo mlivyoapa wote? Lakini anayeshika kiapo ni wewe, ndiyo maana nakuandikia wewe na si ofisi.

Nina ombi, na ofisi imeshalisikia mara tatu. Watu wa leseni wamepita tena hapa kituo cha mabasi. Wakandaji wote, wanaoona na wasioona, tunatakiwa tuwe na leseni kabla ya mwaka kwisha. Mtihani ni tarehe 6 Desemba. Hapa tuko watatu tusioona: mimi, Ambo na Tasing. Mikono yetu inaujua kila mfupa wa kila dereva anayekwenda Antique, lakini majina ya mifupa hatuyajui, na mtihani unauliza majina. Yote yamo katika kitabu kimoja kinachoitwa Mwongozo wa Wakandaji, kurasa 412. Tangu mwaka 2000 naomba Chama kikisome, na kila mara wananiletea maisha ya watakatifu. Ambo anasema tukifeli si neno, mbinguni tutaingia bila kuulizwa, wenyeji wote wa huko tunawajua kwa majina.

Kitabu cha mifupa kitasomwa lini, Inday? Nijibu tarehe. Usinijibu sababu.

Manang wako, dada mkubwa,
Presing Gumban


Manila
19 Juni 2003

Manang Presing,

Naandika maandishi ya wasioona kwa kibao na kalamu ya chuma, nukta moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto, na mkono umeanza kuuma kabla sijafika penye maana. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenipa lugha ya huko kwenu, ananitazama kama mtu anayetoboa karatasi kwa hasira. Labda ni kweli.

Tarehe sina. Nilikwenda mwenyewe kwenye kamati ya vitabu. Walisema kitabu cha mifupa hakisikilizwi kwa raha, na kwamba msomaji ni mtu wa kujitolea, huwezi kumlazimisha atamke majina ya Kilatini Jumamosi nzima. Niliuliza raha ya nani. Wakacheka, wakanipa biskuti.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku hiyo, hata nikiwa kazini nasahihisha vitabu vya sheria. Kinachosomwa huamuliwa na bodi. Bodi ni watu saba, wote wasomaji, wote wa Manila, wote wanaona. Chama kina miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna msikilizaji hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye meza ile. Nikijifungia kwenye kibanda cha kurekodia najiuliza tunasoma ili nani asikie.

Nakuomba ugombee. Uchaguzi ni Jumamosi tarehe 27 Septemba, na mimi ni katibu wa kamati ya uteuzi mwaka huu. Msikilizaji hapigi kura, kwa sababu kura ni ya aliyesoma saa ishirini na nne kwa mwaka, lakini katiba haimzuii kugombea. Nimeisoma mara tatu. Ukiingia, kitabu cha mifupa kitakuwa neno lako la kwanza mezani, na watakaotaka kukataa watalazimika kukataa mbele yako.

Fikiria, Manang. Nakuandikia haya kwa moyo wangu wote.

Isaura


Jaro
2 Julai 2003

Inday,

Juu ya sahihi yako kuna mstari ulioandika kisha ukazibana nukta zake kwa ukucha zilale. Wewe nukta unazisoma kwa macho, kwa hiyo karatasi ikilala unaona imekwisha. Kwa kidole haijaisha. Mstari unasema: "Pasipo msikilizaji kwenye orodha, uchaguzi wa mwaka huu hauwezi kufanyika." Nilimpa Ambo naye aupapase nisije nikakusingizia. Akausoma, akasema, "Presing, umealikwa harusini kwa sababu viti vimezidi."

Tasing akamwambia, "Wali ni ule ule, Ambo. Aende akale."

Nimecheka nao, lakini wewe sikukucheka. Kwa nini uliubana? Kama unanihitaji, sema unanihitaji. Mimi siku nzima watu wanalala mbele yangu nusu uchi, hakuna anayenificha mgongo wake.

Nitagombea. Sitaki kukaa mezani na wakubwa wa Manila, kiti cha plastiki cha kituoni kinanitosha. Nataka kitabu. Kama njia ya kukifikia ni hiyo, nipitishe.

Presing


Manila
16 Julai 2003

Manang Presing,

Nimeona aibu, na nimestahili. Ukweli ni huu. Shirikisho la vyama vya kujitolea limetoa sharti kwamba orodha ya wagombea iwe na anayehudumiwa angalau mmoja, na asiye wa mji mkuu angalau mmoja. Orodha ikikosa, uchaguzi hautambuliwi. Wewe ni wote wawili kwa jina moja. Niliandika mstari ule, kisha nikauona ulivyo mbaya, nikataka usiusome. Sharti lile silipendi kwa namna linavyotumiwa, lakini nilifikiri mlango ukifunguliwa kwa sababu mbaya bado ni mlango.

Orodha sasa ina majina tisa kwa viti saba. Saba ni bodi iliyopo, wa nane ni mwalimu mstaafu wa Quezon City, wa tisa ni wewe. Mwenyekiti wetu, Madam Tanhueco, aliisoma kwa sauti kisha akasema, "Mwaka huu orodha yetu ni bustani." Anaomba picha yako. Nilimuuliza ya nini kwa msikilizaji. Akasema wanaoona nao wana haki zao.

Halafu kuna desturi ambayo hujawahi kuiona kwa kuwa kanda zake huenda kwa wasomaji tu. Maelezo ya mgombea hayasomwi na mwenyewe. Zamani kulikuwa na bwana mmoja mwenye sauti nzuri aliyeshinda kila mwaka bila kusema kitu, ndipo ikaamuliwa kwamba kila mgombea aandike, na msomaji mwingine apatikane kwa kura ya kuokota karatasi, asome neno kwa neno chini ya kiapo kilekile cha vitabu. Mwaka huu nimewabana wakakubali kanda ipelekwe pia matawini kwa wasikilizaji. Nitumie maelezo yako mafupi, yasizidi dakika mbili.

Isaura


Jaro
1 Agosti 2003

Inday,

Picha imepigwa. Nang Osang, anayeuza supu ya batchoy karibu na viti vyetu, alinipaka poda akanigeuza uso mara kumi. "Tazama huku," ananiambia. Nikamuuliza huku wapi. Ambo akasema nitoke nikiwa namkanda yeye, ili Manila wajue nina kazi. Tasing akamjibu wakiona tumbo lake watafikiri ndiye mgombea, ana mimba ya kura.

Maelezo yangu ni haya. Nimeyaandika mara moja tu, usiyapambe.

"Naitwa Presentacion Gumban. Nina miaka arobaini na saba, nakanda watu kituo cha mabasi. Nimesikiliza vitabu 614 vya Chama hiki. Sauti zenu zimekaa nyumbani kwangu kuliko ndugu zangu, na nawashukuru. Lakini sijawahi kuulizwa nataka kusikia nini. Mimi na wenzangu wawili tunahitaji kitabu kimoja, Mwongozo wa Wakandaji, kurasa 412, kabla ya tarehe 6 Desemba. Tusipokipata tutaondolewa kazini. Nagombea ili kisomwe. Kikisomwa kabla ya uchaguzi, sihitaji kiti, mpeni mwingine."

Basi. Ni chini ya dakika moja. Muda uliobaki wapumzike.

Presing


Manila
20 Agosti 2003

Manang Presing,

Niliokota karatasi yako. Tisa zilikuwa kwenye kofia, na mkono wangu ukaenda kwako. Siamini mambo ya bahati, lakini siku hiyo nilitoka ofisini nikitembea hadi nyumbani kwa miguu, nikiwa na karatasi yako kifuani ndani ya shati.

Nimerekodi Jumamosi. Nilisoma polepole, kwa sauti ya chini, nilivyofikiri ungesema. Fundi wa kibanda alivua vipokea sauti akafuta macho. Madam Tanhueco alinishika bega akasema hajawahi kusikia shukrani nzuri namna ile. Wasomaji watatu wameniambia watakupigia kura, na wawili kati yao hawakuwa wamewahi kumpigia mtu nje ya bodi. Naanza kuogopa kutumaini.

Kanda itawafikia na gunia la posta la Chama, lile la mwisho wa mwezi.

Isaura


Jaro
9 Septemba 2003

Isaura,

Tumesikiliza. Tulikuwa watatu na Nang Osang, kwenye redio yake, baada ya basi la saa nane kuondoka. Uliposema jina langu Tasing alinifinya mkono. Ukasoma vitabu 614, ukasoma ndugu zangu, ukasoma "sijawahi kuulizwa nataka kusikia nini," ukanyamaza. Tukangoja. Ikaja sauti nyingine inamsoma yule mwalimu wa Quezon City.

Ambo akasema, "Labda imeendelea upande wa pili." Tukageuza. Upande wa pili kuna mjumbe anataka kahawa ya wasomaji iwe ya kuchemshwa na si ya pakiti. Tukairudisha mwanzo. Nang Osang akauliza, "Kitabu chenu kiko wapi?" Kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Nimekusikiliza miaka mitano. Najua ukiwa na mafua, najua ukiwa umelia kabla ya kuingia kibandani. Ulipofika pale sauti yako haikutetereka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza.

Ungesema tu, "Hapa pana ukurasa uliopotea." Ningejua wamekukata. Ningekuonea huruma.

Au ni wewe uliyekata?

P. Gumban


Manila
18 Septemba 2003

Manang Presing,

Ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nitakuandikia ilivyokuwa na sitabana chochote.

Nilipoisoma karatasi yako nyumbani, sentensi tano za kwanza ziliniondoa pumzi. Kisha ikaja kurasa 412 na tarehe 6 Desemba, nikasikia masikioni mwangu jinsi watakavyosema: huyu anataka kitabu chake. Nawajua, Manang. Nimekaa nao Jumamosi mia mbili. Mwenyekiti akitaka kusomewa riwaya anayoipenda huitwa kuchangia mawazo. Wewe ukiomba ungeitwa mwenye shida zake binafsi. Nikafikiri nikiishia pale kwenye swali, watabaki nalo, litawachoma, watakupa kura. Ukishaingia utasema mengine. Niliona nakulinda. Nilikuwa nimekwisha kukuona mezani pale, na ili uketi nilikuwa tayari usiwe wewe.

Sentensi iliyonitisha zaidi ni ile ya mwisho, ya kusema kikisomwa kabla huhitaji kiti. Nilikasirika ulipoiandika. Nilitaka ukihitaji.

Kanda haiwezi kurudishwa, imekwisha kwenda kwa wote. Uchaguzi ni siku tisa zijazo. Kwenye mkutano mgombea akiwapo anapewa nafasi ya kusema. Njoo, Manang. Nauli ya meli nitaileta mimi, kitanda kipo kwetu, mama yangu atakupikia. Uwaambie mwenyewe.

Isaura


Manila
29 Septemba 2003

Manang Presing,

Hukuja na hukuandika, na sijui kama barua yangu ilikufikia kabla ya siku yenyewe. Nilisimama mlangoni hadi wakafunga.

Walipiga kura 163. Umepata kumi na moja. Mwalimu wa Quezon City amepata arobaini. Bodi ni ileile, kwa mpangilio uleule, na Madam Tanhueco anaingia mwaka wa kumi na moja.

Niliinua mkono kabla ya mkutano kufungwa. Nilisema maelezo ya mgombea wa tisa hayakusomwa yote, na kwamba nimevunja kiapo, nikaanza kusoma sentensi zako zilizobaki. Madam akanikatiza kwa upole, akasema, "Iha, mwanangu, umechoka. Umeifanyia kazi nzuri sana orodha hii." Wakanipigia makofi. Nilikuwa bado nimeshika karatasi yako na wao wananipigia makofi. Bibi mmoja akaniambia alikupigia kura kwa kuwa sauti yangu ilimkumbusha binti yake aliye ughaibuni. Kwa hiyo hata zile kumi na moja sijui ngapi ni zako.

Nilimuuliza Madam kuhusu kitabu. Akasema kitajadiliwa Februari.

Picha yako wameiweka ukutani pamoja na za wengine wanane. Shirikisho limeandika kupongeza. Tumesifiwa kwa orodha iliyo na watu wa namna zote.

Isaura


Jaro
20 Oktoba 2003

Isaura,

Barua zako zote mbili zilifika siku moja. Meli ilikaa bandarini kwa ajili ya tufani. Lakini hata kama ingefika mapema nisingekuja. Siku ya Jumamosi ndiyo yenye watu.

Sina hasira kama unavyofikiri. Kura kumi na moja ni nyingi kwa mtu ambaye hakusema anataka nini.

Kuna jambo moja tu linanizunguka. Juzi Nang Osang ananiletea mchuzi, akaniambia, "Manang, huyo binti wa Manila anayejua kusoma lugha yetu, mnaandikiana tangu Juni. Kwa nini asichukue hicho kitabu akakaa chini nyumbani kwao akakusomea?"

Niliweka bakuli chini. Tasing akasema, "Haiwezekani, lazima kipite kwenye bodi." Nang Osang akauliza, "Nani kasema?" Hatukujua nani kasema. Osang hajamaliza hata darasa la tano.

Sikulaumu peke yako. Na mimi ni mtu wa Chama miaka kumi na tisa. Nilikuuliza kitasomwa lini, sikukuambia nisomee.

Umebaki mwezi mmoja na nusu.

Presing


Manila
16 Novemba 2003

Manang Presing,

Nimemaliza leo. Kaseti kumi na nane.

Barua yako ilinikuta mezani kazini. Niliisoma nikainuka nikaenda chooni nikakaa huko nikiwa nimeishika. Miezi mitano, Manang. Nimeandika barua kwa kamati, nimepekua katiba, nimebishana kuhusu sharti la shirikisho hadi sauti ikanikauka, na kitabu chenyewe kinauzwa duka lililo mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Napita mbele yake kila siku. Nilikinunua jioni hiyohiyo.

Nilisoma ndani ya kabati la nguo, blanketi zimetandikwa kila upande, mama anapita nje anasema nitakufa kwa joto. Mifupa ya mkono imo kwenye kaseti ya tatu. Kila jina nimelitaja mara mbili, kisha nikasema mfupa uko wapi kwa kugusa, ili uutafute mwilini mwa Ambo. Mwanzoni nilisoma kama ninavyosoma hadithi. Baadaye niliacha. Hakikuhitaji kitu chochote kutoka kwangu isipokuwa kusomwa. Sijui kama nimewahi kusoma vizuri namna hii.

Ukurasa wa 301 una doa la wino, haisomeki nusu yake. Nimesema.

Nimefunga kifurushi, nimeandika juu yake kama kawaida yetu, nimekipeleka ofisini kwa Chama.

Isaura


Jaro
12 Desemba 2003

Isaura,

Kaseti zimefika Jumanne, tarehe 9.

Juu ya kifurushi kuna nembo ya gunia la Chama. Nang Osang ndiye aliyenisomea muhuri. Gunia linaondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, halafu meli, halafu foleni ya vitu visivyolipiwa. Mimi na wewe tunajua hivyo, kila mtu wa Chama anajua hivyo. Kuna gari linaloleta vifurushi kwa siku mbili, mteja wangu mmoja ndiye dereva wake. Najua hukufanya kusudi. Mkono wako ulikwenda kwenye gunia kama wangu ungekwenda.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Alama zinazotakiwa ni 75. Mimi nimepata 52, Ambo 40, Tasing 33. Mkaguzi aliniuliza mfupa wa bega unaitwaje. Nilimwambia anipe bega lake nimwonyeshe. Akacheka vizuri tu, akaandika sifuri.

Tutakaa hadi tarehe 31. Baada ya hapo viti vinakwenda kwa kampuni yenye vijana wenye leseni na sare ya kijani. Ambo amekwishaondoka kwenda kwa dada yake Guimaras. Aliniambia nikuambie anawasalimu watakatifu. Mimi nitakwenda kwa mpwa wangu huko Capiz, nitamsaidia kuangalia nyumba, kama anavyosema. Mtihani mwingine upo Juni, lakini mkandaji asiye na kiti anakwenda kuwa mkandaji wa nani?

Nimesikiliza hata hivyo. Nilisikiliza mfupa kwa mfupa, nikijigusa mwenyewe. Nimefika kaseti ya kumi na tatu. Doa la ukurasa wa 301 umelisema. Ahsante kwa kusema.

Anwani ya Capiz sina bado.

Presing


Manila
10 Januari 2004

Manang Presing,

Naituma hii Jaro, kwa Nang Osang, kwa matumaini kwamba anajua ulikokwenda. Nimelipia stempu. Karani wa posta alinisukumia hela zangu, akaniambia barua za wasioona ni bure. Nikazisukuma tena kwake.

Katika barua yako, kati ya neno la anwani na jina lako, kuna mistari mitatu uliyoibana. Niliiona kwa sababu karatasi inang'aa kidogo pale, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nimeishika kwenye taa kwa pembeni. Nimesugua penseli juu yake polepole. Nimejifunga kitambaa machoni, nikapitisha kidole nilivyosikia mnavyopitisha, kidogo, bila kukandamiza, siku nne mfululizo. Kidole changu hakijui kitu. Napata karatasi tu. Hukutumia ukucha, Manang. Ulitumia kijiko au kitu kingine kigumu, na ulikuwa unajua nasoma kwa macho.

Nikafikiri nimpelekee msikilizaji mwingine anisomee, atakayeweza kama wewe ulivyoweza. Nilivaa viatu. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango nilipogundua sina mlango wa kwenda kugonga. Nawajua wasomaji wote 163 kwa majina, najua nani anakunywa kahawa ipi. Katika mji huu wenye wasikilizaji wetu zaidi ya elfu, simjui hata mmoja. Ofisini wapo kwa namba.

Jumamosi Madam Tanhueco aliniita. Mwaka huu anataka orodha ianze mapema. Akauliza, "Yule wako wa Iloilo atagombea tena? Alipendeza sana pale ukutani." Nilimwambia umehama. "Basi tafuta mwingine," akasema. "Wewe ndiye unayewajua."

Niliingia kibandani kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, na kitabu kilichokuwa mezani sikukifungua. Niliisoma barua yako kwenye kanda, kutoka tarehe hadi jina. Nilisoma alama zenu, bega la mkaguzi, sare ya kijani, Guimaras. Nilipofika baada ya anwani ya Capiz nilisimama. Nikasema kwa sauti ileile, "Hapa pana ukurasa uliopotea." Kisha nikasema jina lako, kwa sababu ndilo lililofuata.

Kanda hiyo nimeiweka humu ndani. Kama nimekosea mahali, nionyeshe.

Isaura